Mawe yalibaki, msitu ukaungua: kisa cha hifadhi ya Bastrop, Texas

Jumapili, tarehe 4 Septemba 2011, upepo mkali ulivuma katikati ya jimbo la Texas. Ulitoka kwenye kingo za Dhoruba Lee, iliyokuwa ikimwaga mvua kubwa huko Louisiana. Texas ya kati haikupata mvua. Ilipata upepo mkavu tu, tena katika mwaka wa ukame mbaya kuliko mwaka mwingine wowote katika kumbukumbu za jimbo hilo. Karibu na mji wa Bastrop, kiasi cha kilomita 50 kusini-mashariki mwa Austin, miti iliyosukumwa na upepo ilikutana na nyaya za umeme, cheche zikaangukia majani makavu ya misonobari. Moto ulizuka zaidi ya mahali pamoja, kisha ndimi zake zikaungana. Hadi ulipodhibitiwa, wiki kadhaa baadaye, zaidi ya ekari 32,000 zilikuwa zimeungua, nyumba zaidi ya 1,600 zimeteketea na watu wawili wamekufa.

Hifadhi ya Jimbo ya Bastrop ilikuwa kwenye njia ya moto huo. Asilimia 96 ya eneo lake iliungua. Msitu uligeuka nguzo nyeusi zilizosimama juu ya majivu. Lakini katikati ya majivu hayo bwalo la mawe lilikuwa bado limesimama, na nyumba ndogo za wageni kando ya ziwa, na lango la kuingilia. Karibu majengo yote yaliyojengwa miaka ya 1930 yaliokoka. Vilivyoumia ni vibanda viwili vya mawe vya kupumzikia na kutazama mandhari.

Wengi waliisimulia habari hii kama muujiza, na wazima moto waliopigania majengo yale wanastahili heshima yote. Mimi naona ndani yake jambo zito zaidi. Majengo yale na msitu ule vilipita katika mikono ile ile. Vijana wa kambi za kazi za serikali ya Marekani, waliopanga mawe ya bwalo miaka ya 1930, ndio waliokuwa wamepewa pia kazi ya kuulinda msitu usiguswe na moto. Kazi yao ya kwanza imedumu kuliko walivyodumu wao. Ya pili, iliyofanywa kwa nia njema na kuendelezwa na wengine kwa miongo mingi, iliacha deni likilimbikizana chini ya miti. Ukitazama kazi moja ukaiacha nyingine, kisa cha Bastrop hukielewi.

Msitu uliotengana na ndugu zake

Misonobari ya Bastrop ni ya aina iitwayo loblolly, ile ile inayojaa mashariki mwa Texas na kuendelea hadi pwani ya Atlantiki. Ajabu ni mahali ilipo. Kutoka msitu mkubwa wa mashariki hadi hapa kuna kama kilomita 160 za nyasi, mialoni na mashamba, halafu ghafla, juu ya vilima vya udongo wa mchanga kando ya mto Colorado wa Texas, misonobari inaanza tena. Wenyeji waliuita msitu huo Misonobari Iliyopotea, na jina hilo limebaki hadi leo. Kwa kuwa eneo hili ni kavu kuliko mashariki, miti yake imezoea kiu kuliko ndugu zake. Jambo hilo linaonekana dogo sasa, lakini litarudi mwishoni mwa kisa na kubeba uzito mkubwa.

Katika karne ya 19 msitu huu ulikuwa ghala la mbao. Austin, mji mkuu uliokuwa ukikua kwa kasi, ulijengwa kwa sehemu kubwa kwa mbao za Bastrop. Viwanda vya kupasulia mbao vilifanya kazi miaka nenda miaka rudi, na kufikia miaka ya 1930 msitu wa zamani ulikuwa umekwisha kukatwa. Iliyokuwa imesimama ni miti iliyochipuka upya baada ya misumeno kupita, na baadhi ya miteremko ilikuwa wazi, udongo wake ukichukuliwa na kila mvua. Kwa hiyo vijana wa kambi walipowasili hawakukuta msitu ambao haujaguswa na binadamu. Walikuta ardhi iliyochoka.

Serikali bila fedha, mji wenye ardhi

Mdororo Mkuu wa Uchumi ulikuwa umefika mahali pabaya mno mwanzoni mwa 1933. Mfanyakazi mmoja kati ya kila wanne Marekani hakuwa na kazi. Vijana waliomaliza shule, au walioiacha kwa sababu ya umaskini, hawakuwa hata wamewahi kuajiriwa; maelfu yao walizurura nchi nzima kwa kudandia treni za mizigo. Franklin D. Roosevelt aliapishwa tarehe 4 Machi, na tarehe 31 mwezi huo huo akatia sahihi sheria iliyozaa kikosi cha kiraia cha uhifadhi (Civilian Conservation Corps), kilichojulikana kote kwa herufi zake tatu, CCC. Kufikia Julai vijana zaidi ya 250,000 walikuwa tayari kambini. Ukitazama mwendo wa serikali nyingi, huo ni mwendo wa kukimbia.

Kikosi kilipangwa kwa kugawana kazi kati ya idara zilizokuwapo tayari. Wizara ya Kazi ilisimamia uandikishaji, ikitumia ofisi za misaada za majimbo na wilaya. Jeshi liliendesha kambi: chakula, mabweni, nguo, nidhamu, matibabu. Kazi yenyewe ilisimamiwa na wataalamu wa misitu, wa udongo na wa hifadhi. Aliyetaka kuandikishwa alipaswa kuwa kijana ambaye hajaoa, mwenye umri kati ya miaka 18 na 25, anayetoka katika familia yenye shida. Mshahara ulikuwa dola 30 kwa mwezi, na kati ya hizo dola 25 zilipelekwa moja kwa moja nyumbani kwao. Kijana alibakiwa na dola tano mfukoni. Mkataba ulikuwa wa miezi sita, na uliweza kurudiwa.

Hizo dola 25 ndizo moyo wa mpango wote. Zilifanya kazi ya kuchonga jiwe huko Bastrop iwe unga na viatu katika nyumba iliyo mbali, na mzazi aliyezipokea hakuzipokea kama sadaka, kwa maana zilikuwa jasho la mwanawe.

Texas ilikuwa na bodi ya hifadhi tangu 1923, iliyoanzishwa enzi za gavana Pat Neff, lakini bunge la jimbo halikuipa fedha za maana. Bodi ilikuwa na jina na vipande vya ardhi vilivyotolewa hapa na pale, basi. Serikali kuu ya Washington iliposema kwamba italeta watu, vifaa na wataalamu mahali popote ambapo jimbo lina ardhi ya hifadhi, mlango ukafunguka. Miji ikaanza kutafuta ardhi. Katika Bastrop, baraza la mji na wamiliki binafsi walitoa maeneo yaliyounganishwa kuwa hifadhi kati ya 1933 na 1935. Mji ulikuwa na sababu zake: kambi mbili za vijana, kila moja ikiwa na watu kama 200, zilimaanisha nyama, maziwa, mbao na mafuta ya kununuliwa madukani mwake. Sioni aibu yoyote katika hesabu hiyo. Hifadhi nyingi za Texas zilizaliwa hivyo, na hadi leo hifadhi 29 za jimbo hilo zina alama za mikono ya CCC.

Nyumba zilizoota kutoka ardhini

Vikosi viwili, namba 1805 na 1811, ndivyo vilivyoijenga Bastrop, na kazi iliendelea hadi 1939. Msanifu majengo mkuu alikuwa Arthur Fehr, aliyekuja baadaye kuwa mmoja wa wasanifu mashuhuri wa Austin. Juu yake, kwenye ofisi ya kanda ya Idara ya Hifadhi za Taifa, alikuwapo Herbert Maier, ambaye imani yake ilienea katika hifadhi nyingi za miaka hiyo: jengo la hifadhini lisijitokeze kuliko mahali lilipo. Litumie jiwe la hapo hapo, mti wa hapo hapo, na umbo lake lifuate mteremko.

Fehr aliishika imani hiyo akaifanya yake. Jiwe la Bastrop ni jiwe la mchanga lenye rangi ya kutu, na lilichimbwa jirani. Kwenye misingi waliweka mawe makubwa ambayo hayakuchongwa sana, mengine ya kubebwa na watu kadhaa, na kadiri ukuta ulivyopanda mawe yakawa madogo, ukuta ukawa mpana chini na mwembamba juu. Ukisimama mbali huoni mahali mwamba unapoishia na nyumba inapoanzia. Mapaa yako chini chini, yamelalia miteremko. Boriti zimechongwa kwa mkono na alama za tindo zimeachwa zionekane. Bwalo, ambalo ndilo jengo kubwa kuliko yote, lina ukumbi mpana wenye meko makubwa ya mawe, na watu hukodi ukumbi huo kwa harusi na mikutano mpaka sasa.

Swali ambalo kila mtu mwenye ufundi atauliza ni hili: vijana wa miaka 18, wengi wao watoto wa wakulima wa pamba na vibarua wa mijini, waliwezaje kujenga kuta za namna hii? Jibu liko katika kifungu kimoja cha mpango ambacho hakisifiwi vya kutosha. Kila kambi iliruhusiwa kuajiri mafundi wenye uzoefu kutoka eneo lenyewe: waashi, maseremala, wahunzi, wengi wao watu wazima wenye familia ambao Mdororo uliwaacha bila kazi pia. Hao ndio waliosimama na vijana ukutani wakiwafundisha kusoma jiwe kabla ya kulipiga, kutafuta upande linakopenda kupasukia, kulilaza kama lilivyolala ardhini. Kwa njia hiyo mpango uliokoa vizazi viwili kwa mshahara wa mradi mmoja: kijana alipata ufundi na mzee hakufa na ufundi wake.

Jioni kulikuwa na masomo. Nchi nzima, makumi ya maelfu ya vijana walijifunza kusoma na kuandika katika mabweni ya CCC. Wengine walijifunza kupiga taipu, kuendesha lori, kupima ardhi.

Bastrop ilikuwa na jambo moja ambalo kambi nyingine hazikuwa nalo kwa kiwango hicho, nalo ni karakana ya mbao. Humo vijana walitengeneza viti, meza, vitanda na makabati kwa mwaloni, mwerezi, msonobari na miti mingine ya Texas, si kwa ajili ya Bastrop pekee bali kwa hifadhi nyingine pia. Samani za hoteli ya Indian Lodge, mbali kabisa kwenye milima ya Davis magharibi mwa jimbo, zilitoka katika karakana hii. Nalipenda jambo hili kuliko mengine yote ya kambi. Ukuta wa mawe unaweza kuwa tamaa ya mtawala anayetaka kukumbukwa. Kiti kilichorandwa vizuri kwa ajili ya msafiri asiyejulikana ni adabu tupu.

Barabara nayo si ya kupita haraka. Vijana walitengeneza njia nyembamba ya kilomita 19 hivi inayounganisha Bastrop na hifadhi dada ya Buescher, karibu na mji wa Smithville. Wahandisi wa siku hizi wangekata vilima. Wale waliizungusha barabara ikafuata mgongo wa ardhi, ikapanda na kushuka na kupinda kuikwepa miti, na mifereji yake ya maji wakaijenga kwa mawe yale yale mekundu. Kando yake waliweka vibanda vya kutazamia mandhari, ambavyo viwili kati yake ndivyo vilivyoumia 2011. Waliongeza bwawa la kuogelea, uwanja wa gofu, na tuta la udongo lililozuia maji yakawa ziwa la ekari 10. Mwaka 1997 serikali ya Marekani iliitangaza Bastrop kuwa alama ya kihistoria ya taifa.

Ambao hawakuingia langoni

Sitaki msomaji aondoke akidhani kwamba wema huu uliwafikia wote. Sheria ya 1933 ilikuwa na kifungu kinachokataza ubaguzi wa rangi na imani, kilichowekwa kwa juhudi za Oscar De Priest, mbunge pekee Mweusi wakati ule. Kilivunjwa. Kufikia 1935 kambi zilitenganishwa rasmi kwa rangi. Vijana Weusi wapatao 200,000 walihudumu nchi nzima, lakini nafasi zao ziliwekewa ukomo, na miji mingi ilipinga kambi zao zisiwekwe jirani. Katika Texas, kikosi cha vijana Weusi namba 3807 kilijenga hifadhi ya Fort Parker na kuuzuia mto Navasota ukawa ziwa. Kikosi cha maveterani Weusi namba 1823 kilifanya kazi huko Huntsville. Halafu hifadhi zikafunguliwa, na milango yake kwa sehemu kubwa ikabaki imefungwa kwa Wamarekani Weusi hadi miaka ya 1960. Mtu alibeba jiwe, akajenga lango, akaambiwa asipite.

Wanawake hawakukubaliwa kabisa kwenye CCC. Eleanor Roosevelt alihangaika hadi zikapatikana kambi chache kwa ajili yao, ambazo zilipokea wanawake kama 8,500 kwa miaka yote ya mpango, wakati wanaume walifika karibu milioni tatu.

Watu wa wakati ule waliyasema na kuyapinga mambo haya. De Priest alikuwa mmoja wao. Hivyo ule utetezi kwamba “zama zile kila mtu alifikiri hivyo” hausimami hapa.

Deni chini ya miti

Sasa turudi msituni. Pamoja na ujenzi, vijana wa CCC walipanda miti, wakaziba makorongo, wakakata njia za kuzuia moto, wakajenga minara ya ulinzi na kukimbilia kila moshi. Nchi nzima walipanda miti inayokadiriwa kufika bilioni tatu. Moto ulikuwa adui. Mwaka 1935 Idara ya Misitu ya Marekani iliweka kanuni kwamba moto wowote katika misitu yake udhibitiwe kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Kanuni hiyo ilihusu misitu ya taifa, lakini fikra yake ilitawala kote. Na haikuwezekana bila CCC, kwa sababu ni CCC iliyoleta mikono ya kutosha kuitekeleza. Vijana walilipa kwa damu pia: Agosti 1937, huko Wyoming, moto wa Blackwater uliua watu 15, wengi wao vijana wa CCC waliotoka Texas.

Msonobari wa loblolly ukishakomaa una gome nene. Kwa vizazi vingi kabla ya minara na njia za moto, mioto midogo ya ardhini, ya radi na ya watu wa asili wa nchi ile, ilipita chini ya miti mikubwa, ikala majani makavu na vichaka, ikazima. Miti mikubwa ilibaki imesimama. Mioto hiyo ilipokatazwa, sakafu ya msitu ikaanza kujaa. Sindano za misonobari zikarundikana mwaka juu ya mwaka. Vichaka vya yaupon vikafunga, mierezi ikaota katikati yake, na taratibu ikajengeka ngazi kutoka ardhini hadi kwenye vilele. Moto ambao zamani ungetambaa sasa ungeweza kupanda.

Hapa inabidi niwe mwangalifu na hukumu yangu. Vijana wa 1935 hawakuuchoma msitu wa 2011. Ukame ule, joto lile na upepo ule vingeleta maafa hata katika msitu uliosafishwa vizuri, na idara ya hifadhi ya Texas ilikuwa imekwisha kuanza kuchoma sehemu za Bastrop kwa makusudi ili kupunguza mrundikano. Zaidi ya hapo, nyumba za watu zilikuwa zimeongezeka sana ndani ya misonobari, na nyaya za umeme zikazifuata. Hata hivyo miaka 70 ya kukataza moto ilikuwa sehemu ya kuni, na hilo halikwepeki. Anayeusifu mpango wa CCC kwa sababu ya bwalo, asikatae kuuhesabia na hili.

Majengo nayo yaliokoka kwa sababu zinazoeleweka. Ukuta mnene wa mawe hauwaki. Kuzunguka majengo kulikuwa na nafasi zilizofyekwa, na wazima moto waliamua mapema kwamba hayo ndiyo ya kusimamia. Lakini yangekuwa mabanda ya mbao nyembamba ya kupigiwa misumari haraka haraka ili kuwapa vijana shughuli, hakuna zimamoto ambaye angekuwa na kitu cha kusimamia, wala miaka 70 yasingefika. Aliyeamua 1933 kwamba kazi ya dharura ifanywe kwa ubora wa kazi ya kudumu, ndiye aliyeyaokoa kwanza.

Mbegu zilizokaribia kutupwa

Baada ya moto ukaja mzigo mwingine. Mvua ya kwanza juu ya mteremko ulioungua hubeba udongo wote. Makundi ya vijana yaliingia tena Bastrop, safari hii kutoka kikosi cha uhifadhi cha Texas kilicho chini ya shirika la American YouthWorks la Austin, mabinti na wavulana pamoja, wakaweka vizuizi vya mmomonyoko, wakakata miti iliyokufa kando ya njia na kuzifungua njia za miguu. Hifadhi ilianza kupokea wageni tena Desemba 2011, kwa sehemu.

Kuotesha upya msitu kulikuwa na tatizo lake. Kuleta miche ya loblolly kutoka mashariki kungekuwa rahisi, ila ile ni misonobari ya nchi ya mvua. Kwenye mchanga wa Bastrop isingekuwa na uvumilivu ule wa kiu ambao miti iliyotengwa ilijijengea kwa maelfu ya miaka. Zilihitajika mbegu za msitu wenyewe. Na zilikuwapo. Idara ya misitu ya jimbo ilikuwa imehifadhi kwenye ghala la baridi mbegu za misonobari ya Bastrop, zilizobaki kutoka mpango wa zamani wa vitalu, na zilikuwa zimepangiwa kupelekwa jalalani. Moto ulitokea kabla hazijatupwa. Zikapelekwa vitaluni, miche ikarudi Bastrop, na katika miaka iliyofuata zaidi ya milioni mbili ilipandwa katika eneo lote la Misonobari Iliyopotea, ndani ya hifadhi na kwenye viwanja vya watu, sehemu kubwa kwa mikono ya waliojitolea. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na kila mara moyo unanidunda kwa jinsi lilivyokuwa karibu na kupotea.

Si kila kitu cha CCC kilishika. Tarehe 25 Mei 2015, baada ya mvua kubwa, tuta la ziwa lilibomoka na ziwa la ekari 10 likaondoka lote. Miezi michache baadaye, Oktoba, moto mwingine ukaunguza zaidi ya ekari 4,000 upande wa Buescher na Smithville, sehemu ambayo 2011 iliponea. Chura wa Houston, kiumbe mdogo aliye hatarini kutoweka ambaye wilaya ya Bastrop ndiyo ngome yake kuu, alipoteza makazi mara mbili katika miaka minne.

Na swali la moto halikufungwa. Januari 2022 wafanyakazi wa hifadhi walikuwa wakichoma kwa makusudi, kama sayansi inavyoelekeza, moto ukawaponyoka. Uliunguza zaidi ya ekari 800, familia zikahamishwa nyumba zao usiku, watu ambao wengi walikuwa wameona nyumba zikiteketea mwaka 2011. Hasira yao ninaielewa. Ukimwambia mtu aliyepoteza kila kitu kwa moto kwamba usalama wake unahitaji moto mwingine, unamdai imani kubwa, na imani hiyo inalipwa kwa uangalifu: siku gani ya kuchoma, upepo wa kiasi gani, na nani amepigiwa simu kabla kiberiti hakijawashwa. Bado naamini kuchoma ni lazima. Kuacha ni kurudi kule kule kwenye mrundikano wa sindano na ngazi za yaupon, na miche milioni mbili ndiyo itakayokuwa kuni safari hii.

Miche hiyo sasa imekuwa miti midogo. Kwenye nyumba za wageni alizozichora Fehr, anayefungua dirisha asubuhi anaiona ikipanda kati ya magogo meusi ya zamani, katika mwanga mkali, kwa kuwa hakuna bado cha kuweka kivuli. Vijana wa 1933 walipofika walikuta vilima vyenye miti michanga vivyo hivyo.